Kufundisha wodini kuingizwe kwenye ratiba ya zamu

Mhariri,

Wanafunzi wa udaktari huanza kuzoea wodi kwa kawaida wakiwa mwaka wa 3, na huko wanaowafundisha kutwa si wahadhiri peke yao. Muuguzi wa zamu huwaonyesha kuweka kanula, kile kijibomba cha plastiki cha kupitishia dawa mshipani. Daktari tarajali huwasikiliza wakieleza historia ya mgonjwa. Kazi hii tunaipenda, ila kwenye ratiba ya zamu haimo.

Tazameni hiyo kanula tu. Mzoefu humaliza kwa dakika 5. Anayejifunza huhitaji 20: aombe ridhaa, anawe, afunge mpira mkononi, aupapase mshipa kwa kidole, apake spiriti na kuiacha ikauke. Kisha achome kwa sindano iliyo ndani ya plastiki ya kanula. Damu ikionekana, ailaze sindano, aisogeze kidogo, kisha asukume plastiki peke yake. Hapo ndipo wengi huharibu. Huchomoa sindano kabla plastiki haijaingia mshipani, halafu huirudisha ndani, na ncha yake inaweza kuikata plastiki hiyo. Wengine husahau kufungua mpira, damu ikalowesha shuka. Akikosa mara 2 ampishe mzoefu, maana mishipa ni ya mgonjwa.

Usimamizi wa namna hiyo utatoka wapi, muuguzi mmoja akiwa na wagonjwa 30 na wanafunzi 10 wamezunguka kitanda? Mwanafunzi huishia kufanya peke yake. Hurudishia kifuniko sindano iliyotumika, hujichoma, kisha hunyamaza kwa kuogopa kufokewa. Kumbe alipaswa kuosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kukikamua, na kutoa taarifa papo hapo ili apimwe na, ikibidi, aanze dawa kinga ya VVU mapema iwezekanavyo, isipite saa 72, na kuinywa kwa siku 28. Kwenye kufoka, sisi wafundishaji tunayo makosa, tena makubwa.

Tunaomba vyuo vimkabidhi muuguzi kiongozi wa wodi, kabla wanafunzi hawajafika, orodha ya nani anaruhusiwa kufanya nini. Hospitali nazo zitaje mfundishaji wa kila zamu na kumpunguzia vitanda. Wanafunzi wasizidi 5 kwa mgonjwa, naye aulizwe kwanza. Akikataa, waondoke bila kumnunia. Logibuku, daftari la kazi alizofanya mwanafunzi, isainiwe siku hiyohiyo na aliyesimama kando ya kitanda, si kurasa 10 kwa mpigo wiki ya mwisho.

Wauguzi na madaktari wa wodi,
Dodoma