Barua kwa mwanangu: hesabu nukta kwanza

Mwanangu,

Umeniuliza, nusu kwa mzaha, inakuwaje watu wazima wanashinda wakitafuta majibu ya mlinganyo katika namba tano tu. Chukua kalamu.

Andika y² = x³ − x. Namba ulizo nazo ni 0, 1, 2, 3 na 4, basi. Jibu likizidi, gawa kwa 5 uchukue baki. x ikiwa 0, 1 au 4, kulia panatoka 0, na y ni 0: nukta tatu (kila jozi ya x na y inayokubali ni nukta moja). x ikiwa 2 unapata 6, yaani 1, hivyo y ni 1 au 4. x ikiwa 3 unapata 24, yaani 4, na y ni 2 au 3. Hizo saba. Ongeza nukta moja iliyo mbali kusikofikika, ambayo kwenye mikunjo ya aina hii huhesabiwa siku zote, zinakuwa nane.

Ukitumia 7 badala ya 5 utapata nane tena, na safari hii huhitaji hata kuhesabu. Miongoni mwa masalio ya 7, −1 haina kipeuo cha pili. Kwa hiyo kila x inayokunyima y, pacha wake −x anakupa mbili, na jumla lazima iwe 7 + 1. Kwa 11 ni 12, kwa sababu ileile. Kwa 5 ujanja huo haufui dafu, maana 2² ni 4, nayo 4 ndiyo −1.

Kwa 5, basi, tulitarajia 5 + 1, yaani 6, tukapata 8. Ziada ni 2. Mwanahisabati Helmut Hasse alithibitisha miaka ya 1930 kwamba kwenye mikunjo ya eliptiki, yaani ya aina ya huu wetu, tofauti hiyo haizidi kamwe mara mbili ya kipeuo cha pili cha namba tasa yenyewe. Ila utamu uko mbele kidogo. Itumie ziada hiyo kuunda t² + 2t + 5 = 0. Majibu yake ni namba changamano mbili, −1 + 2i na −1 − 2i (i ni kipeuo cha pili cha −1), kila moja ikiwa na ukubwa wa √5. Zipandishe zote mbili kwenye kipeo cha pili, zijumlishe, utapata −6. Toa hiyo kwenye 26: 32. Hizo ndizo nukta za mkunjo wetu katika uwanja wa namba 25, yaani kundi la namba unazoweza kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawa bila kutoka nje yake (si masalio ya 25, usije ukachanganya, ni zile tano zilizoongezewa kipeuo cha pili cha 2 ambacho hazikuwa nacho). Kwa kipeo cha tatu, ukitoa jumla kwenye 126, unapata 104 katika uwanja wa 125. Tumehesabu nukta nane kwa mkono, na zilizobaki zote zimejileta.

Mwanahisabati André Weil aliwaza mambo haya mwaka 1940 akiwa gerezani Rouen, Ufaransa, na mwaka 1949 akatoa makisio kwamba maumbo ya vipimo vyovyote yana tabia hii, na kwamba idadi ya nukta inafuata matundu ya umbo lilelile likichorwa kwa namba changamano. Bernard Dwork alithibitisha sehemu ya kwanza ya makisio hayo mwaka 1960, Alexander Grothendieck akajenga nadharia nzito za kuyashughulikia, na Pierre Deligne akamalizia sehemu ngumu kuliko zote mwaka 1973.

Dwork alipitia namba za p-adiki, nazo usizikimbie. Tafuta kipeuo cha pili cha −1 kwa masalio: kwa 5 ni 2, kwa 25 ni 7, kwa 125 ni 57, kwa 625 ni 182. Kila jibu linarekebisha lililotangulia bila kulikana, na mfululizo wote, usio na mwisho, ni namba moja.

Vitabu vya nadharia utavikuta tu. Kwanza hesabu kwa 13, utaona nane kwa mara ya tatu. Kisha fanya 17, uniandikie umepata ngapi na ni x zipi zimekupa y.

Baba yako