Barua ya wazi kwa akina baba vijana wa Kigoma mliopata watoto njiti

Wanangu,

Marahaba, hata kama hamjaniamkia. Naandika nikiwa na hasira, wala sitaificha.

Juzi nilikwenda wodini kumjulia hali mjukuu wa jirani yangu wa hapa Ujiji, aliyejifungua pacha kabla ya muda. Mmoja yuko kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, soksi miguuni, kafungwa kitenge barabara. Wa pili kalazwa pembeni kwenye mablanketi, anasubiri zamu. Baba yao yuko nje chini ya mwembe, anachezea simu. Muuguzi akamwita aje ambebe huyo wa pili. Kijana akacheka: "Nibebe mtoto kifuani, watu waseme nimelishwa limbwata?"

Limbwata! Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Joto linamtoka upesi, na akipoa, nguvu ya kukua yote inaishia kutafuta joto. Kifua cha mtu mzima kinampa joto hilo, umeme uwepo usiwepo. Madaktari wa Bogotá, Colombia, walianzisha njia hii mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa kuwa mashine za joto hazikuwatosha. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri ianze mara tu mtoto anapozaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku. Sasa niambieni, mama wa pacha ataoga saa ngapi? Atalala lini? Nawa mikono, vua shati, keti. Ukiwa na mafua subiri upone. Kifua chako kina joto lile lile, na hakuna aliyewahi kupungukiwa uanaume kwa kukaa kitini.

Na mama zenu, ambao ni rika langu, waambieni waache kuulizia wodini "tunatoka lini?" Mtoto anatoka akiwa ananyonya, anaongezeka uzito na joto lake limetulia. Wengi kabla ya wiki ya 34 hawajaweza kunyonya, kuvuta pumzi na kumeza kwa mpangilio, ndiyo maana maziwa ya mama yanakamuliwa na kupitishwa kwenye mrija au kikombe. Maji ya sukari hapana. Uji hapana. Moshi wa jikoni hapana. Wageni wa kumshika shika hapana. Ulizeni kuhusu kupimwa macho na masikio kabla ya kuruhusiwa.

Mkirudi nyumbani, kaeni na hesabu moja kichwani. Mimba kamili huhesabiwa wiki 40, basi aliyezaliwa wiki ya 32 amewahi wiki 8. Akifika miezi 6, mtazameni kama wa miezi 4. Endeleeni hivyo hadi miaka 2. Mawifi wakija na habari za kumfukia mchangani hadi kiunoni ili miguu ikaze, wapeni chai waende zao. Lakini hesabu hiyo isiwe kichaka cha kujifichia. Akifika miezi 4 ya hesabu yenu bado shingo imelegea, au miguu imekakamaa, ngumi hazifunguki, macho hayafuati sura ya mama, mpelekeni kliniki wiki hiyo hiyo. Mazoezi ya viungo yakianza mapema yanasaidia sana.

Najua Kibondo ni mbali na nauli ni pesa. Ila arobaini tunachanga, tunakodi viti na spika, halafu nauli ya kliniki inakosekana! Hapo siwalaumu nyinyi peke yenu. Ukoo mzima una aibu. Sheria ya kazi ilirekebishwa mwaka 2025, mama mwajiriwa akijifungua njiti anaongezewa likizo. Mke wa muuza dagaa Kibirizi haombi likizo kwa mtu. Anayeweza kumpa ni mumewe, akichota maji, akafua, akapika. Basi anzeni leo jioni, na siku ya kliniki mtoto abebwe na baba.

Bibi yenu, Ujiji