Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nani Alipiga, Nani Alitunga, Nani Alilipwa

Ndugu wanachama,

Nawashukuru kwa kuitikia wito. Katiba yetu inanitaka nisimame mbele yenu mara moja kwa mwaka nieleze chama kimekwendaje. Hesabu za fedha atazisoma Mhazini, na mahudhurio yamo kwenye kabrasha mlilopewa na Katibu, kwa hiyo hayo nayapita. Nitazungumzia kazi iliyotukutanisha, yaani kuwakumbuka wanamuziki waliobadilisha namna watu wanavyoimba, wanavyocheza, wanavyovaa na wanavyojiona.

Mkutano uliopita mlitupa agizo. Mlisema mmechoshwa na kumbukumbu za kusoma wasifu: fulani kazaliwa mwaka fulani, kaimba, kafa, haya tusimame dakika moja. Mkataka kila anayeandaa kikao ajibu maswali matatu kabla ya kuweka santuri: nani alipiga, nani alitunga, nani alilipwa. Wakati ule nililiona kuwa agizo dogo. Limetupa kazi ya mwaka mzima, na sehemu kubwa ya taarifa hii inatokana nalo.

Tulianza na Solomon Linda, na nadhani ilikuwa sawa kuanza na yeye. Wengi wetu ule wimbo wa simba tumeusikia tangu utotoni bila kufikiri kwamba una mwenyewe. Mwaka 1939, jijini Johannesburg, Linda na kundi lake la Evening Birds waliingia studio ya kampuni ya Gallo, ambako yeye alikuwa kibarua wa kufungasha santuri. Wakaimba “Mbube”. Waliurudia, na katika rudio la tatu, karibu na mwisho, Linda aliuacha mstari aliokuwa nao, akapaa peke yake kwa sauti nyembamba na kuokota sauti chache ambazo hakuwa amezipanga. Mwandaaji wa kikao aliturudishia sehemu hiyo tena na tena hadi ukumbi ukanyamaza. Ni sekunde chache tu, na hizo ndizo zilizovuka bahari. Nchini Marekani The Weavers waliutoa wimbo huo kwa jina la “Wimoweh”, na mwaka 1961 The Tokens wakaupandisha mpaka namba moja, maneno mapya ya Kiingereza yakiwa yamevishwa juu ya sauti zilezile za Linda.

Yeye haki zake aliziuza kwa shilingi kumi. Alifariki mwaka 1962, fukara. Mwanachama mmoja kijana aliuliza kwa nini hakugoma. Ni swali la mtu aliyezaliwa akakuta hakimiliki inajadiliwa redioni. Mwafrika wa Afrika Kusini ya wakati ule, aliyeajiriwa na kampuni ileile inayomrekodi, angekaa kwenye meza ipi kujadiliana? Kilichokuja kuwasaidia warithi wake ni kifungu cha sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika katika himaya yake yote, kinachosema haki zilizouzwa na mtunzi hurudi kwa warithi miaka 25 baada ya kifo chake. Kwa kifungu hicho familia iliifungulia kesi Disney mwaka 2004, kwa kuwa wimbo ulikuwa umetumika katika filamu yao ya mwaka 1994, na mwaka 2006 wakafikia makubaliano. Wanachama wetu wanasheria walikifurahia kikao hiki kuliko wapenzi wa muziki wenyewe.

Jioni hiyohiyo mtu akaibua “Malaika”. Fadhili William aliurekodi, Miriam Makeba akaupeleka duniani, Boney M. wakauimba mwaka 1981, na ubishi wa nani hasa aliutunga haukuzimika hata Fadhili William alipofariki mwaka 2001. Ilipendekezwa tupige kura. Nilikataa, na nimeambiwa nilikataa kwa ukali. Kura haimpi mtu utunzi.

Kikao cha Sister Rosetta Tharpe, Mmarekani aliyeimba injili na kupiga gitaa la umeme, ndicho kilichonigusa zaidi, na nawaomba mnivumilie nikikaa hapo kidogo. Tulitazama picha za televisheni zilizopigwa mwaka 1964 katika kituo cha reli kilichokwisha kufungwa jijini Manchester. Watazamaji wameketi upande mmoja wa reli, jukwaa liko upande wa pili. Mvua imenyesha. Anafika kwa gari la farasi, amevaa koti zito, anatembea kwa madaha kama mama mchungaji anayeelekea mimbarini, kisha anajivika gitaa jeupe la umeme na kuanza kuimba wimbo unaohusu mvua. Anapofika kwenye solo vidole havimtetemeki wala hatazami anapogusa. Vijana wa Uingereza waliokaa kwenye baridi ile walikuwa wakimwona mtu aliyekuwa akilifanya gitaa lilie namna hiyo tangu wao hawajazaliwa. Alizaliwa mwaka 1915 kule Arkansas, akalelewa na muziki wa kanisani, na wimbo wake wa mwaka 1944 unatajwa mara kwa mara miongoni mwa mizizi ya rock 'n' roll. Alifariki mwaka 1973. Kaburi lake lilikaa miongo kadhaa bila jiwe lenye jina. Ukumbi wa heshima wa rock 'n' roll wa Marekani ulimwingiza mwaka 2018, wakati wanaume waliojifunza kwake walikuwa wamekwisha kuingizwa siku nyingi.

Hapo ndipo nilipolielewa agizo lenu. Historia ya muziki tunayoirithi imeandikwa na waliokaa karibu na kipaza sauti na karibu na mkataba. Aliyesimama hatua mbili nyuma, hata kama yeye ndiye aliyeufanya wimbo ukawa wimbo, anabaki kuwa “na wenzake”.

Kikao cha ngoma na besi kililithibitisha hilo mpaka likauma. James Jamerson alipiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown, kampuni ya santuri ya Marekani, zilizotikisa miaka ya sitini, akizikwanyua nyuzi kwa kidole kimoja, cha shahada, na santuri zikatoka miaka nenda rudi bila jina lake. Jina lilikuja kuonekana kwenye jalada la albamu ya Marvin Gaye mwaka 1971. Mwandaaji aliuondoa uimbaji kwa mashine na kutuachia besi peke yake, na baadhi yenu mliutambua wimbo kabla sauti ya mwimbaji haijarudishwa. Huo ni utunzi, kwa mawazo yangu, lakini sheria inatambua maneno na melodia, mrindimo haumo.

Gregory Coleman alikuwa mpiga dramu wa The Winstons, bendi ya Marekani. Mwaka 1969, katikati ya wimbo uliowekwa upande wa pili wa santuri yao, wenzake wananyamaza naye anapiga peke yake kwa sekunde kama sita. Kipande hicho kimekatwa na kubandikwa kwenye maelfu ya nyimbo za hip hop na muziki wa dansi wa Uingereza. Kuna mitindo mizima iliyojengwa juu yake. Coleman alifariki mwaka 2006 bila kupata hata senti kwa matumizi hayo. Mwaka 2015 mashabiki walichanga wakampelekea Richard Spencer, kiongozi wa bendi, pauni elfu 24 hivi. Ni uungwana, lakini michango ya hisani si mrabaha. Clyde Stubblefield, aliyempigia dramu James Brown, naye mapigo yake yamekatwa na kutumiwa mara nyingi mno, ilhali kwenye karatasi mtunzi ni James Brown.

Kwenye mada ya hip hop tulimkumbuka pia Cindy Campbell. Kila mtu anamtaja kaka yake, DJ Kool Herc, na ile hafla ya Bronx, New York, ya Agosti 11, 1973, inayohesabiwa kuwa mwanzo wa hip hop. Aliyeiandaa ni Cindy, akitafuta hela ya nguo za shule. Bila binti kutaka kuvaa vizuri, tarehe hiyo tusingekuwa nayo.

Msidhani mwaka mzima ulikuwa wa malalamiko. Bob Marley aliweka jina la Vincent Ford kama mtunzi wa “No Woman, No Cry”. Ford alikuwa rafiki yake wa Trenchtown aliyekuwa akiwapikia wenye njaa. Wapo wanaoshikilia kwamba Marley aliutunga mwenyewe na kumwandika rafiki ili mirabaha iendelee kuwasha moto wa jiko lile. Tulipiga makofi. Kisha mwandaaji, ambaye hapendi watu warudi nyumbani wakitabasamu, akatukumbusha Aston Barrett, mpiga besi wa The Wailers, bendi ya Marley, aliyedai mgawo wake mahakamani Uingereza na kushindwa mwaka 2006 kwa kuwa alikwisha kutia saini makubaliano mwaka 1994. Besi ile na dramu za mdogo wake Carlton ndizo zilizoifanya reggae ya Marley itembee vile inavyotembea.

Siti binti Saad alipewa jioni yake. Mwanamke wa Fumba, Unguja, aliyewahi kutembeza vyungu, alikwenda Bombay mwaka 1928 akarekodi taarabu kwa Kiswahili, na nyimbo zake zikawa zinabeba habari za mtaani ambazo mahakama na wakubwa walitaka ziishe kimya. “Kijiti” unasimulia mwanamke aliyeuawa, muuaji akatoroka, na mashahidi ndio wakafungwa. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na bahati hiyo wachache wanaipata. Lakini tuliwataja pia wanamuziki wenzake, Maalim Shaaban, Mbaruk na Subeit, kwa sababu Siti hakuimba hewani. Kwa upande wa Kongo, tulimtoa Simaro Lutumba kwenye kivuli cha Franco, kiongozi wa bendi yake, kwa jioni moja. “Mabele” ameuimba Sam Mangwana, ndani ya bendi ya Franco, lakini tungo ni ya Simaro, na ukilisikiliza gitaa lake la rizimu utajua kwa nini waliomfahamu walimwita mshairi.

Sasa niseme kuhusu manung'uniko. Wapo wanachama walioniandikia kwamba tumegeuza jioni za muziki kuwa mahakama, kwamba mtu anakuja kupumzika anaondoka na mikataba kichwani. Mmoja alisema anataka kucheza tu. Nawaelewa, na Kamati imekubali kwamba kila kikao kiwe na nusu ya pili isiyo na maelezo kabisa: viti pembeni, muziki juu. Ila nusu ya kwanza itabaki. Kama hatutaki kujua nani alipiga, hatuna tofauti na mtu anayewasha redio.

Tatizo letu kubwa ni kwamba taarifa zinapotea haraka kuliko tunavyozikusanya. Zamani ulilishika jalada la santuri, ukaligeuza, ukasoma majina ya wapigaji kwa herufi ndogo. Siku hizi wimbo unafika kwenye simu ukiwa na picha moja na jina moja. Hata majalada mengi ya zamani hayakuandika kitu zaidi ya jina la bendi. Ndiyo maana Kamati inaomba idhini yenu kwa kazi mbili mwaka ujao.

Ya kwanza ni daftari la wapigaji. Kila mwenye santuri, kaseti au CD nyumbani apige picha upande wa nyuma wa jalada na kumpa Katibu. Wenye jamaa waliowahi kupiga bendi wawaulize, waandike majina, chombo na mwaka, na kila jina liambatane na chanzo chake. Lenye mashaka litaingia kwa alama ya mashaka. Hatutaki kutengeneza hadithi mpya mahali pa zile za zamani.

Ya pili ni kuachana na kalenda ya misiba. Mwaka mzima tumekutana kwa tarehe za vifo, na hata mimi nimeanza kujiona kama katibu wa mazishi. Napendekeza angalau nusu ya vikao vijavyo vihusu watu walio hai, na ikiwezekana mhusika aalikwe, akae mbele, asimulie mwenyewe na alipwe kwa muda wake. Hilo la kulipwa nalisisitiza: baada ya mwaka kama huu, chama hiki hakiwezi kumwita mpiga besi kisha kikampa cheti na soda.

Nafasi mbili za Kamati ziko wazi, na fomu ziko mezani kwa Katibu. Anayetaka kuandaa kikao cha kwanza cha mwaka ujao ajiandikishe leo, akiwa na majibu ya maswali matatu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti