Mke wangu anadhani nimemchoka, kumbe naogopa kuvua nguo

Salamu kwako daktari, na kwa wasomaji wenzangu.

Nina miaka 54, fundi magari hapa Dar es Salaam, baba wa watoto wanne. Tangu Ramadhani ya mwaka jana uume wangu ukisimama unapinda kwenda juu, na ukiupapasa unakuta kitu kigumu kama harage chini ya ngozi. Mwanzoni uliuma sana. Sasa maumivu yamepoa, mpindo umebaki, na nauona umefupika. Mwezi wa tano huu sijamkaribia mke wangu. Anaamini nina mwanamke nje, nami kila nikitaka kumweleza mdomo unakuwa mzito.

Nilijikaza nikaenda kwa bingwa wa mfumo wa mkojo. Alinisikiliza kwa heshima. Akasema ni ugonjwa wa Peyronie, jina la mpasuaji wa mfalme Louis XV wa Ufaransa aliyeueleza mwaka 1743. Kovu limejitengeneza ndani, mahali panapotakiwa kutanuka, basi upande ule hauvutiki. Upasuaji tungoje kwanza mpindo utulie. Nilitoka pale nimepumua: kumbe sikurogwa.

Kabla sijaondoka alinitajia kifaa cha kuvuta uume. Alinikumbusha vyuma vya duara alivyofungwa mdogo wangu alipovunjika mguu, njia ya daktari Ilizarov wa Urusi: nyama na mfupa vikivutwa polepole, mwili huongeza chembe hai mpya. Na huku ni wazo hilohilo, ila hakuna kutoboa wala kupasua.

Usiku nikaingia intaneti, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Kifaa nilichotajiwa na daktari kinauzwa pamoja na mafuta ya kukuza "kibamia" na ahadi za inchi tatu. Nikaendelea kusoma. Madaktari wa Torino, Italia, mwaka 2009 waliwavisha wagonjwa kifaa cha namna hiyo kwa saa tano au zaidi kwa siku, miezi sita. Urefu uliongezeka kidogo, mpindo ukapungua kwa nyuzi chache tu. Mwaka 2019 wale wa Mayo Clinic, Marekani, wakatoa matokeo ya kifaa kingine kinachoweza pia kupindwa upande wa pili wa kovu: nusu saa, mara moja hadi tatu kwa siku, miezi mitatu. Wanaume walikuwa 110, baadhi yao hawakupewa kifaa ili walinganishwe. Kwa waliokitumia, kwa wastani mpindo ulipungua, na urefu ukaongezeka. Kwa hiyo si utapeli. Lakini si muujiza pia, na mimi si kijana anayetafuta ukubwa. Nataka kurudi kwa mke wangu.

Daktari, nina kisukari, na vidole vya miguu huwa vinanifa ganzi. Je, mtu kama mimi akivuta kupita kiasi atahisi kabla hajajiumiza? Nitatambuaje kifaa kilichopimwa na madaktari na kile cha mtaani, maana kwa picha vyote vinafanana? Nianze sasa, au ningoje mpindo utulie kama upasuaji?

Na jambo linaloninyima usingizi kuliko yote: tunaishi vyumba viwili na watoto, nusu saa ya kifaa hicho siwezi kumficha Mama Zuhura. Nimweleze kwa maneno gani? Wanaume mliopitia haya, mliwaambiaje wake zenu siku ile ya kwanza?

Baba Zuhura, Dar es Salaam