Farasi kamchagua mdogo wake, na mimi nilishatoa ahadi

Ndugu mshauri,

Salamu nyingi. Nakusoma siku zote, na mara kadhaa nimewacheka wanaokuandikia mambo ambayo mtu angeyamaliza na familia yake mezani. Leo ni zamu yangu kuchekwa.

Nina watoto wawili: binti wa miaka 14 na mdogo wake wa kiume wa miaka 12. Wanagombana kwa sababu ya farasi. Ingekuwa ni nani ampande na lini, ningepanga ratiba tukalala. Shida ni kwamba farasi mwenyewe anampenda mmoja zaidi ya mwingine, na anayependwa si yule aliyemhangaikia.

Niruhusu nianze mbali kidogo, maana kosa langu liko huko. Binti yangu alipokuwa mdogo alikuwa mtu wa mpira. Kila jioni alikuwa uwanjani na wavulana wa jirani na hakuna aliyeshangaa. Alipokaribia miaka 11 mambo yakabadilika bila mtu kutangaza. Hawakumfukuza, waliacha tu kumpa pasi. Akawa anakimbia huku na kule kama refa asiye na filimbi, mpaka siku moja akarudi nyumbani kabla giza halijaingia, akavua viatu, akaviweka chini ya kitanda na hakuvigusa tena. Mimi niliyaona hayo yote kupitia dirishani. Nikajisemea kwamba amekua. Mdogo wake akaingia kwenye timu ile ile, na nikaona ndivyo inavyopaswa kuwa.

Akakaa miezi bila la kufanya, kisha akashikwa na farasi. Unajua mtoto akishikwa na jambo anavyokuwa: picha ukutani, vitabu, maombi asubuhi na jioni. Mwishowe tukamkodia farasi mmoja katika shule ya kupanda farasi, siku tatu kwa wiki. Ni dume aliyehasiwa, wa rangi ya hudhurungi, mwenye baka jeupe usoni na miaka 18 mgongoni. Kwa kuwa farasi akitunzwa vizuri huishi miaka 25 hadi 30, pale bandani wanamwita Babu.

Siku ya kwanza tukiwa garini kurudi, binti akaniuliza kama mdogo wake naye atakuja. Nilimwambia: "Hapa ni kwako. Hakuna atakayekufuata." Nilisema hivyo kwa sababu ya ule uwanja. Kwa kweli nilikuwa nalipa deni la zamani kwa ahadi mpya.

Miaka miwili ilipita vizuri. Nilizoea kumsubiri nje ya uzio, na katika kusubiri nikajifunza jambo kuhusu wasichana wa pale. Wanakaa saa tatu, lakini kupanda hakuzidi dakika arobaini. Muda uliobaki ni kusugua kwa brashi, kuchokoa kwato, kusuka manyoya ya shingo, kusafisha matandiko kwa sabuni ya ngozi, na mazungumzo yasiyo na mwanzo wala mwisho. Nyumbani, mdogo wake na rafiki zake wanakaa bega kwa bega mbele ya kioo cha mchezo wa kompyuta, hawatazamani, wanapiga kelele, na baada ya saa tatu ukimuuliza mwenzake anaendeleaje atakwambia, "Ameshinda mara nne." Sisemi wavulana hawana urafiki. Wanao, ila mpaka kuwe na kitu cha kushindania katikati yao. Na nani aliwapa vitu hivyo? Nikihesabu kila zawadi niliyomnunulia mwanangu tangu azaliwe, hakuna hata moja ambayo haina mshindi.

Tatizo lilianza siku mama yao alipokuwa na kazi ikabidi niende na kijana kumchukua dada yake. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Babu ana kasi gani?" Saisi, yaani mtunza farasi wa pale, akamwambia kwamba farasi akipiga shoti hupita kilomita 40 kwa saa, ila huyu mzee ameshastaafu mbio. Nikadhani hamu itakwisha hapo. Saisi akampa uma wa kuzolea samadi, kwa utani tu. Kijana akazoa. Wiki iliyofuata akaomba kuja tena kuzoa samadi, mtoto ambaye kutoa taka za jikoni ni lazima aitwe mara tatu.

Saisi akamfundisha mengine. Kwamba macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, hivyo anaona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya paji lake na nyuma ya mkia. Ndiyo maana ukimjia kwa nyuma kimya kimya unaweza kupigwa teke, si kwa ubaya wake bali kwa hofu. Kwamba masikio yakigeuka kukuelekea anakusikiliza, yakilala nyuma hataki. Kwamba farasi wanaopendana husimama wakikwaruzana kwa meno pale shingo inapokutana na mgongo. Kijana akachukua hilo la mwisho akalifanya kazi yake. Anasimama pembeni ya Babu, anamkuna pale pale kwa vidole, nusu saa, bila neno. Yule farasi anateremsha kichwa, mdomo wa chini unalegea unaning'inia kama wa mzee aliyesinzia kitini.

Sasa Babu akisikia hatua za kijana anatoa ule mlio wa chini wa puani, anakuja mpaka kwenye lango. Dada yake akija, anainua kichwa, anamtazama, anaendelea na majani yake.

Binti yangu hakulia. Ningeona nafuu angelia. Alisimama na hatamu mkononi akaniambia: "Uwanjani walinitoa, na sasa wamenifuata huku." Alisema "wamenifuata", kwa wingi, kana kwamba mdogo wake ni timu nzima. Kisha akanikumbusha maneno yangu ya garini, neno kwa neno. Na ahadi ni deni, hilo hata mama yao analishikilia: anasema nilipokuwa naahidi sikumwekea binti sharti kwamba farasi asiwe na maoni.

Nilikwenda kwa mwalimu wao nikitumaini ataniambia kijana ana kipaji au binti hana. Akanisimulia habari za farasi mmoja wa Ujerumani aliyeitwa Hans, mwanzoni mwa karne iliyopita. Watu waliamini Hans anajua hesabu: akiulizwa jumla, anagonga ardhi kwa kwato hadi afike kwenye jibu, kisha anakoma. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst akaonyesha kwamba kama muulizaji mwenyewe hajui jibu, au farasi hamwoni, Hans hajui kitu. Alikuwa akisoma miili. Mwenye kuuliza aliinama kidogo kusubiri, na idadi ilipotimia kichwa chake kiliinuka kidogo mno, bila yeye kujua, na Hans akaacha kugonga.

"Binti yako," mwalimu akaniambia, "anakuja hapa na mashindano mwilini."

Ni kweli. Tangu mwaka jana anajiandaa kwa mashindano ya madaha ya farasi, yale ya kumwongoza atembee na kugeuka kwa hatua zilizopangwa. Anafika amekaza mabega, anatazama saa, anarudia kona moja mara kumi. Babu anamtii, lakini kwa binti yangu amekuwa mfanyakazi. Mvulana anakuja hana anachotaka apewe. Ndugu mshauri, hili limeninyima usingizi kuliko ugomvi wenyewe: yule niliyemlea kwenye vikombe na magoli amepata mahali pa kutoshindana, na yule aliyekimbia kushindana amekuwa akibeba kushindana huko huko alikokimbilia. Na mimi ndiye niliyemshangilia, nikamnunulia fremu ya utepe wake wa kwanza wa mashindano.

Upande wa kijana nako si shwari. Pale bandani yeye ni mvulana pekee kati ya wasichana kumi na zaidi, na rafiki zake wa mpira hawajui. Amewaambia anakwenda kwa daktari wa meno. Mara tatu kwa wiki. Juzi mzazi mmoja akanisimamisha kwa huruma akauliza jino la mwanangu linaendeleaje. Nikajibu linaendelea vizuri. Yaani na mimi nimeingia kwenye uongo huo, kwa sababu sekunde ile niliona aibu, na sijui nilimwonea aibu nani. Naogopa pia kwamba aliniiga mimi. Mwezi wa kwanza alipoomba kurudi kule nilimjibu, "Yale si mambo ya wasichana yale?" Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nilijaribu kurekebisha kwa njia yangu, kwa kusoma. Nikamwambia kijana mbele ya dada yake kwamba katika Olimpiki mchezo wa farasi ulikuwa wa wanaume tu hadi mwaka 1948, wengi wao maofisa wa jeshi, kwa hiyo asiogope kitu. Wanawake waliruhusiwa katika madaha ya farasi mwaka 1952 mjini Helsinki, na mwaka huo huo Lis Hartel wa Denmark akachukua medali ya fedha akishindana na wanaume, ingawa polio ilikuwa imemwacha amepooza kuanzia chini ya magoti, na ilibidi asaidiwe kumpanda na kumshuka farasi wake. Leo wanaume na wanawake wanashindana pamoja katika mchezo huo huo. Nilijiona nimewapatanisha kwa historia. Binti akanijibu: "Kumbe hata huku tulisubirishwa." Akaondoka mezani. Nilitaka kumfuata nikakosa la kumwambia.

Kuongeza farasi wa pili haiwezekani, na kumkodi Babu siku zaidi mwalimu hataki, kwa umri wake. Kwa hiyo kila nitakachompa mmoja nitakuwa nimekitoa kwa mwingine. Kumpeleka kijana banda jingine tumewaza, lakini yeye hataki farasi, anamtaka Babu. Na kumkataza kabisa, mshauri, ningekuwa naondoa jambo pekee ambalo nimewahi kumwona akilifanya polepole.

Nina maswali matatu. Je, ahadi kwa mtoto inaweza kufunguliwa, na ikifunguliwa, binti analipwa nini? Je, nimwambie alichosema mwalimu kuhusu mwili wake na mashindano, au atasikia tu kwamba hata baba amehamia upande wa mdogo wake? Na kuhusu uongo wa meno: nimsubiri kijana autengue mwenyewe, au nianze mimi kwa yule mzazi aliyeniuliza?

Ratiba ya wiki ijayo natakiwa kuipeleka kwa saisi Ijumaa. Kwenye safu ya Jumamosi nimeandika jina moja, nikalifuta, nikaandika la pili, na karatasi imeanza kutoboka. Nijibu kabla ya hapo ukiweza. Na kama kuna msomaji ambaye mwanawe naye anatibiwa meno mara tatu kwa wiki, naomba naye aniandikie.

Wako,
Baba wa wawili