Barua kwa kaka yangu: ile robo ya dada

Kaka,

Simu zangu hupokei, ujumbe unausoma na kunyamaza. Naandika hapa kwa sababu uliyoyasema uliyasema mbele za watu.

Dada aliigawa akaunti yake ya uzeeni, ile 401(k) ya kazini kwake Minneapolis, Marekani, kwenye fomu ya warithi: nusu kwako, robo kwangu, robo kwa shirika la hisani linalochimba visima Kinango. Hakuwa na mume wala mtoto, na wazee wetu wametangulia. Hesabu hiyo unaijua tangu madrasa. Wasia usivuke theluthi, na Mtume (S.A.W.) alimwambia Saad bin Abi Waqqas kwamba hata theluthi ni nyingi. Dada akatoa robo. Kilichobaki, mwanamume fungu la wanawake wawili. Alikulindia haki yako akiwa mgonjwa, kaka.

Mimi nilikuwa kwenye simu, nikimsomea majina yetu kama yalivyo kwenye pasipoti. Basi.

Siku ya arobaini, birika la kahawa mkononi mwangu, ukauliza mbele ya mama mdogo na majirani: "Nani alimshika mkono akatia saini?" Hakuna aliyekujibu. Nilimimina mpaka vikombe vikaisha, nikaingia jikoni. Sijasahau, na sijui nitasahau lini.

Unasema fungu lako limepungua. Limepungua kweli. Mrithi asiye raia wala mkazi wa Marekani hukatwa kodi asilimia 30 kwenye malipo hayo, na Kenya haina mkataba na Marekani wa kuipunguza. Langu lilikatwa vile vile. Robo ya visima haikuguswa, kwa kuwa shirika la hisani lililosajiliwa kule halitozwi kodi hiyo, na ndiyo sababu dada aliiweka sadaka yake kwenye akaunti ile. Karatasi ya makato, 1042-S, ilikuja kwa jina lako. Uliisoma?

Kwa kadhi nenda ukitaka, lakini wanaoshika akaunti kule wanafuata fomu. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali akiba ya uzeeni ya marehemu mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya DuPont iende kwa mke aliyeachana naye, japo mke huyo alikwisha kuikana kwenye talaka. Jina lake lilikuwa bado kwenye fomu. Na fomu yako ya pensheni ina jina la nani? Uliijaza kabla hujamwacha mama wa wale watoto wako wakubwa. Ibadilishe wiki hii. Nilikwambia zamani, ukanijibu wanawake hatujui mambo ya karatasi, nami ndiye niliyekesha na karatasi zote za dada za hospitali wakati wewe hupatikani.

Uliuza baiskeli yako dada apate nauli ya kwenda Nairobi kuomba viza. Alikuwa akinisimulia hadi mwisho, na kila mara alikuombea dua.

Radhi ya faragha siitaki. Ijumaa mama mdogo atakuwa kwangu, na majirani wale wale nimewaalika. Njoo useme mbele yao.