Wosia wa kukichangia chuo kikuu uandikwe sawasawa

Ndugu Mhariri,

Wapo Waganda wengi wanaotamani kukiachia chuo kikuu sehemu ya mali yao. Inasikitisha zawadi kama hiyo ikipotea kwa mstari mmoja ulioandikwa vibaya.

Atajwe mrithi kwa jina kamili la chuo, maana ndicho chenye nafsi ya kisheria, yaani kinaweza kumiliki mali kwa jina lake, si kitivo wala idara. Chuo Kikuu cha Makerere kilikwisha kuvigeuza vitivo vyake kuwa koleji. Wosia wa zamani uliotaja kitivo tu unaleta mabishano.

Sheria ya Urithi inataka saini ishuhudiwe na watu wasiopungua 2. Shahidi asiwe mtu aliyeachiwa kitu, wala mume au mke wake, la sivyo fungu hilo linabatilika.

Ardhi ndiyo yenye matata. Mwenye kibanja, yaani anayekalia ardhi inayomilikiwa na mwingine, asiandike kana kwamba ana hati ya mailo, ile ya umiliki kamili, na nyumba ya familia isiguswe kabisa. Mjane, watoto na wategemezi wasipotengewa cha kutosha wanaweza kwenda mahakamani, na ni haki yao.

Kwa fedha, afadhali asilimia, tuseme 5 ya kitakachobaki baada ya mazishi na madeni, kuliko kiasi ambacho mfumuko wa bei utakila. Masharti nayo yasibane mno. "Mwanafunzi wa uuguzi kutoka Hoima" linatekelezeka. Ukiongeza ukoo na kijiji, fedha zitalala benki. Weka kifungu kinachokiruhusu chuo kuzitumia kwa jambo la karibu na hilo, kisha mwambie msimamizi wa wosia nakala halisi iko wapi.

Msomaji wenu,
Kampala